Bonyeza Moja kwa Pau

Mfanyabiashara wa Malindi atakaye kuchagua mtambo wa simu kwa ajili ya duka lake hana budi kujua kwanza kwamba wateja wake walikwisha kumchagulia zamani, nao hawana nia ya kushauriwa upya. Jambo hilo lilikuwa wazi kwa kila mtu katika duka letu la boriti ila ami yangu, aliye mkuu wa shughuli na mshika funguo za ghala, ambaye alizuru ofisi moja ya Mombasa na kusikia simu ikipokewa na sauti laini ya bibi asiyekuwapo, naye akarejea nyumbani kwa matwana ya jioni akiwa hana hamu ya chakula.

Ili msomaji wa bara asipotee, na aelezwe kwamba miti ya mikoko iletwayo kutoka Lamu haiuzwi ovyo ovyo. Huuzwa kwa korija, yaani miti 20, na kila unene una jina lake: fito ndizo nyembamba, pau zimezidi kidogo, kisha huja mazio, kisha boriti zenyewe, halafu nguzo. Ajengaye banda la makuti kule Watamu haja yake ni fito na pau. Fundi wa Kilifi ainuaye dari ya kizamani hataki kusikia habari za pau hata kidogo. Na mtu aliyeagiza mazio akapelekewa nguzo hugeuka kuwa hasimu wa ukoo mzima. Biashara yetu yote, kwa hiyo, imo katika kusikilizana, na ukitaka kujua jinsi kusikilizana kulivyo kugumu, uza miti kwa simu.

Simu yetu ya kwanza ilikuwa ya nyaya, nyeusi na nzito, nayo ilikaa juu ya meza chini ya kitambaa cha kufuma, ikaheshimiwa kama mgeni wa Idi. Mashirika yalipita juu yake, nayo ikabaki palepale: mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, Kenya ikawa na shirika lake la Posta na Simu, na mwaka 1999 shirika hilo likagawanywa, barua zikaenda njia yake na simu zikawa mali ya Telkom Kenya. Adui wa simu hiyo walikuwa chumvi ya bahari, ambayo hula shaba bila ya kunawa mikono, na wezi, ambao huila shaba hiyo hiyo kwa kasi zaidi. Kusema na Kilifi, mwendo wa kilomita 60 hivi, kulihitaji mapafu ya nahodha, na majirani wote walijua bei zetu. Ami yangu hakuacha kukumbusha, kila alipopumzika kati ya ukelele na ukelele, kwamba tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la Wataliano lililosimama baharini pale Ngomeni, kilirushwa chombo kilichoitwa Uhuru, cha kwanza duniani kutumwa angani mahususi kuchungua miali ya eksirei itokayo kwenye nyota. Nyota zilisikika Ngomeni. Kilifi haikusikika Malindi. Lakini insafu ni kusema kwamba simu ile ilikuwa na fadhila moja ambayo hatukuitambua mpaka ilipotutoka: ilipata umeme wake kwa waya ule ule kutoka kwenye mtambo mkuu, hata stima ilipopotea mji mzima, yenyewe ililia.

Zikaja simu za mkono, na pamoja nazo mtambo wa pili, ambao hakuna aliyeubuni wala kuuza. Maadam kupiga simu kulikuwa ghali, wateja walizoea kuiliza mlio na kuikata kabla haijapokewa, na khalati yangu, ashikaye daftari, akaufanya mlio huo kuwa lugha kamili. Mlio mmoja: nipigie. Miwili: mzigo umefika. Mitatu kutoka kwa dereva: gari limekwama kwenye mchanga, leteni watu. Mtambo huu ulitenda kazi usiku na mchana bila ya kutozwa hata senti moja, nami sijapata kusikia kiwandani kokote kumetengenezwa ulioushinda. Uliuawa na neema. Mwezi wa Agosti mwaka 2010 kampuni za simu zilipigana vita vya bei, dakika moja ikateremka hadi shilingi 3, na tangu siku hizo mteja anayetaka korija moja ya fito huanza kwa kueleza harusi ya mpwawe.

Hapo ndipo alipoingia yule kijana wa tai, aliyetumwa na kampuni ambayo jina lake nalihifadhi kwa ajili ya amani. Alimwamkia ami yangu shikamoo ya heshima, akanywa kahawa, akala kipande cha halwa, kisha akaeleza kwamba mtambo wake hauhitaji nyaya za shaba kabisa, kwa kuwa sauti ya msemaji hukatwa vipande vidogo vidogo, kila kipande kikapita njia yake katika intaneti, na vyote vikakutana mwisho wa safari na kupangwa upya.

"Na kipande kikichelewa njiani?" akauliza ami.

"Kikichelewa sana huachwa, mzee. Vingine huendelea."

"Mwanangu, mtu akiniambia 'sitalipa', na kile kipande cha mbele kikaachwa, mimi nitasikia 'talipa', nami nitampa mali!"

Kijana alicheka, akadhani ni mzaha. Walakini aliokolewa na jambo jingine. Alitaja kwamba intaneti yetu ya pwani imekuwa na nguvu tangu mwaka 2009, ulipofika Mombasa mkonga wa TEAMS uliolazwa chini ya bahari kutoka Fujairah. Kusikia hivyo, ami yangu aliweka kikombe chini. Miti ya Lamu ndiyo iliyoezeka nyumba za Ghuba miaka na miaka. Majahazi yalipanda kwa kusi yakiwa na boriti, yakateremka kwa kaskazi yakiwa na tende. Na sasa huyu kijana anasema maneno yanapita njia ile ile bila ya kungoja upepo! Baba wa babake, kwa mujibu wa hadithi za nyumbani, aliwahi kukopwa huko na hakulipwa. Ami alitia sahihi papo hapo, nami naamini moyoni alikuwa na tamaa ya kuwapigia.

Mtambo ukafungwa. Ukawa na simu za mezani dukani, ghalani, na chumba cha daftari. Na juu ya zote ikawekwa ile sauti laini, ambayo sasa ilikuwa yetu. Ilisema: "Assalaam alaykum. Karibu. Kwa fito na pau, bonyeza moja. Kwa mazio, bonyeza mbili. Kwa boriti na nguzo, bonyeza tatu. Kwa kulipa deni, bonyeza nne."

Mzee mmoja wa Mambrui, ng'ambo ya mto Sabaki, alipiga asubuhi. Alisalimiwa, akaitika salamu kwa ukamilifu wake, akauliza hali ya nyumbani, ya watoto na ya afya. Na alipokuwa angali akiuliza, yule bibi akamkatiza kwa habari za mazio. Mzee akanyamaza kwa adabu. Bibi naye, baada ya kungoja kidogo, akasema, "Samahani, hukuchagua," akamkatia. Kabla ya adhuhuri mzee alikuwa mlangoni petu, ameteremka kwenye tuktuk na bakora mkononi, akidai kujua ni binti wa nani aliyelelewa namna ile.

Kukazuka mjadala barazani uliodumu hata baada ya magharibi. Kusalimu ni sunna, kuitika ni wajibu. Je, mtambo ukisalimu, aliyepiga simu akanyamaza, ana dhambi? Na akiitika, ilhali hapana mtu, amemwitikia nani? Ami alikata shauri kwamba ni hadhari mtu aitike, ila afanye haraka. Ikajaribiwa dawa ya kuiondoa salamu, na hiyo ikazidisha maradhi, kwa kuwa habari ilienea hadi Gede kwamba duka letu limeacha kusalimu watu tangu lipate pesa.

Kisha kulikuwa na muziki wa kumliwaza anayengoja. Kijana aliweka taarabu, naye kwa kuwa si mtu wa hapa hakufikiri kwamba taarabu haiimbwi hewani bure. Ina mtu wake. Wimbo ulimlaumu asiyetimiza ahadi. Mkandarasi mmoja ambaye alikuwa nyuma kwa malipo alipiga kuulizia nguzo, akawekwa angoje, akausikiliza wimbo hadi mwisho, akaamini kuwa tumemchagulia kijembe mbele ya dunia. Alinuna muda mrefu, akalipa lote kwa hasira, akahamia duka jingine. Wala sifichi kwamba kwa upande wa kudai madeni wimbo ule ulifaa kuliko yule bibi, maana katika uhai wote wa mtambo hakutokea binadamu aliyebonyeza nne.

Mtu mmoja tu ndiye aliyeutii mtambo kama ulivyotaka: Mtaliano wa Watamu, asemaye Kiswahili kizuri. Aliambiwa abonyeze moja, akabonyeza moja. Simu ikalia ghalani, ukutani, barabara kama ilivyopangwa, ilhali bawabu wa ghala alikuwa juu ya rundo la mazio na mwenzake yuko chini akihesabu, na mtu anayehesabu korija hapokei simu, kwa sababu akikatizwa ataanza upya. Na stima ikipotea, bibi hupotea pamoja nayo.

Aliitwa yule kijana. Alitazama, akafikiri, na kwa weledi ambao sikuutarajia akaurekebisha mtambo hivi: anayebonyeza moja hupelekwa kwenye simu ya mkono ya khalati, anayebonyeza mbili hupelekwa huko huko, tatu vivyo hivyo, na asiyebonyeza kitu hupelekwa kwake upesi zaidi. Wateja wakashukuru, wakasema mtambo sasa umepata akili. Sisi tukaendelea kulipa kila mwezi ili watu wachaguzwe baina ya milango inayoingia chumba kimoja, mpaka mkataba ukafika mwisho na khalati, aliye na hesabu zote, akakataa kuufufua.

Nambari iliyoandikwa ukutani kwa rangi ya kijani ni yake. Mwenye haja ya pau au mazio na apige baada ya alasiri, wakati ambapo ameinuka usingizini. Na kabla hajauliza bei ya korija, tafadhali amuulize goti lake linaendeleaje.