Tumeboresha kwa Ajili Yako

Hakuna ujumbe wa simu unaonitia hofu kama huu: "Tumeboresha kwa ajili yako." Kwa ajili yangu mimi? Nani aliwatuma? Mimi nilikuwa nimelala zangu. Programu ya kutuma pesa ilikuwa nzima, kitufe cha salio kiko chini kushoto, kidole gumba changu kinakijua hata umeme ukikatika. Asubuhi naamka nakuta bando limeliwa, rangi zimegeuka, na pale palipokuwa na salio pana picha ya kijana anacheka. Anacheka nini, sijui. Sina shaka ananicheka mimi.

Shemeji yangu ana kibanda cha uwakala karibu na kituo cha daladala. Siku ya maboresho foleni yake ilifika hadi kwa muuza chipsi, na waliopanga hawakuja kutoa pesa wala kuweka. Walikuja kuuliza: "Samahani kaka, salio wamelificha wapi?" Wakala wa watu akageuka mwalimu wa kompyuta, tena bila kamisheni. Mama mmoja wa makamo, alipooneshwa kwamba salio sasa limo ndani ya vile vistari vitatu vya juu, aliuliza kama aliyeliweka humo ana wazazi.

Mama mkwe wangu, mwenye simu ya kitochi, alitusikiliza akacheka mpaka khanga ikamteleza. Yeye anabonyeza nyota, namba, reli, menyu inakuja na maandishi yake yaleyale, moja ni kutuma pesa, habari imekwisha. Hajawahi kuboreshwa, na afya yake ni nzuri.

Nikapiga simu huduma kwa wateja. Baada ya muziki wa kutosha kuchezea harusi, akapokea binti mpole sana. "Tunathamini maoni yako, baba, yatafanyiwa kazi." Nikamuuliza lini. "Yatafanyiwa kazi, baba." Mtanzania yeyote aliyewahi kukaa kikao cha mtaa anaijua sentensi hiyo. Mtaro wetu unafanyiwa kazi tangu wanangu wako shule ya msingi. Nilipokata simu ukaingia ujumbe: je, umeridhika, bonyeza 1 hadi 5.

Nina mpwa ambaye ndiyo kazi yake, kuchora hizi skrini. Nikamweka kitako. "Mjomba," akaniambia kwa upole wa daktari, "muundo wa zamani ulishapitwa. Halafu wanaolalamika ni wachache ila wana kelele. Walioridhika huwa wananyamaza." Nikamwambia baadhi ya hao walionyamaza bado wanatafuta salio.

Akanipa mfano wa Facebook. Septemba 2006 walileta ule ukurasa unaokumwagia habari za marafiki zako wote mahali pamoja, wanafunzi wa Marekani wakawaka. Mamia ya maelfu walijiunga na kundi la kuupinga, kundi lenyewe wakalifungua humohumo ndani ya Facebook. Mark Zuckerberg kwanza akawaandikia watulie, wavute pumzi. Haikupita wiki akaomba radhi, akawapa njia ya kuamua habari zao zipi zionekane. Ukurasa haukuondoka, na leo ndiko tunakomalizia jioni zetu. "Unaona, Mjomba? Walizoea." Kweli, walizoea. Mtu anazoea hata mbu, lakini sijasikia aliyemshukuru.

Mimi nikampa mfano wa Windows 8. Mwaka 2012 Microsoft walikifuta kitufe cha Start, ambacho kilikuwapo tangu Windows 95, na watu wazima wenye vyeo wakaanza kuulizana maofisini kompyuta inazimwaje. Manung'uniko yakaenda mwaka mzima. Oktoba 2013 ikaja Windows 8.1, kitufe kimerudi, ila ukikibonyeza kinakupeleka kwenye skrini ileile mpya uliyoikimbia. Menyu yenyewe ya zamani, kwa sura mpya, ilisubiri Windows 10 mwaka 2015. Huko ndiko kufanyia kazi maoni kwa mwendo wa mtaro wetu.

WhatsApp nawapa haki yao. Novemba 2014 walipoleta tiki za bluu, watu wakaumbuka: "Umesoma saa mbili, mbona hujajibu?" Hazikupita wiki nyingi wakaleta swichi ya kuzizima. Hawakumwambia mtu apumue. Anayezitaka anazo, anayelinda ndoa yake anazima.

Lakini kilichonivunja moyo ni Instagram. Julai 2022 walikuwa wanajaribu kuijaza skrini nzima kwa video, wapiga picha wakalalamika kama mimi ninavyolalamika, yaani hewani. Kisha Kylie Jenner na dada yake Kim Kardashian wakasambaza lalamiko hilohilo kwa mamilioni ya wafuasi wao. Kabla Julai haijaisha, wakubwa wa Instagram wakasema wanarudi nyuma. Kumbe malalamiko yana uzito wake kwenye mizani, nami na mama wa vistari vitatu tukipanda juu yake kwa pamoja mshale hautikisiki.

Sisemi msibadilishe. Mpwa wangu naye ale. Ila tuambieni mapema, kwa Kiswahili, si asubuhi ya siku yenyewe. Acheni sura ya zamani kando ya mpya angalau mwezi mmoja, atakayevutiwa ahame kwa miguu yake. Msiguse chochote mwisho wa mwezi, mshahara ukiingia, kodi inadaiwa na ada ya shule haijalipwa. Na kabla hamjakisogeza kitufe, nendeni mkakae nusu siku kwenye kibanda cha shemeji yangu, maana pale maoni hayahitaji kubonyeza namba yoyote.

Na wewe msomaji, usiwape nyota tano kwa aibu. Wakikuletea kile kisanduku cha kupima huduma kabla hujaliona salio lako, toa moja, kisha andika kwa herufi kubwa unachokitafuta.