Kigeugeu Naye Asifiwe

Kwetu Tanga mtu kigeugeu hakabidhiwi hata sufuria za shughuli. Asubuhi kakubali, adhuhuri kakataa, jioni yuko mlangoni na tabasamu lake. Nami niliwadharau watu wa namna hiyo mpaka nilipohamia Tromsø, kaskazini kabisa ya Norwei, nikaishi na kigeugeu mkubwa kuliko wote: kiangazi cha huko. Miaka yote hii kimetukanwa hadharani, na watu wenye akili zao, tena mbele ya watoto. Leo nakitetea.

Kwenye karatasi ni kiangazi cha kifahari. Tangu tarehe 20 Mei hivi hadi 22 Julai jua halizami Tromsø. Wageni wanasafiri mbali kuja kuliangalia jua la saa sita usiku, na kweli hulikuta liko juu, saa 24, nyuma ya mawingu. Ni kama tajiri aliyehamia mtaani: taa zinawaka usiku kucha, mwenyewe haonekani. Wastani wa joto la Julai ni nyuzi 12 hivi, lakini wastani huo umepikwa kwa viungo visivyopatana. Wiki moja inaweza kukupa siku ya nyuzi 25, watu wamelala kwenye majani kama wamekunywa dawa, na siku ya nyuzi 7, watu walewale wakitafuta glavu walizozificha kwa furaha mwezi Mei.

Sababu yake haina uchawi. Mji uko kisiwani, katikati ya milima na bahari. Upepo ukivuma kutoka kusini-mashariki, unaleta joto la nchi kavu, la Finland na Urusi. Ukigeuka ukatoka kaskazini, unaleta pumzi ya bahari inayopakana na barafu. Na kugeuka hauombi ruhusa. Tarehe 5 Julai 2021, kituo cha Banak, kaskazini zaidi ya Tromsø, kilipima nyuzi 34.3, joto ambalo Mtanga angelilalamikia. Upande wa pili wa daftari, wazee wa mji hawajaisahau tarehe 29 Aprili 1997, theluji ilipopimwa sentimita 240 ardhini. Wiki tatu baadaye, kwa mujibu wa kalenda, jua lisilozama likaanza zamu yake kama kawaida.

Sasa sifa zenyewe. Ya kwanza ni kwamba bwana huyu huwafanya watu waseme.

Jumamosi moja ya Julai tulikwenda Telegrafbukta, ufukwe wa upande wa kusini wa kisiwa, familia yangu na ya rafiki yangu mmoja wa Bukavu. Saa nane mchana ilikuwa nyuzi 18. Watoto vifua wazi, wanaingia baharini wakipiga kelele na kutoka wakipiga kelele zaidi. Tukawasha lile jiko la bati la kutumia mara moja, lenye mkaa wake ndani, tukapanga mishikaki. Mafuta yakaanza kudondoka, moshi ukanyooka. Mara kisiwa cha Kvaløya, kilicho ng'ambo pale mbele ya macho, kikaondoka. Ukungu ulikifuta kuanzia chini kwenda juu, kama mtu anayefuta ubao. Ukatufikia sisi, halafu ikaja mvua, halafu mvua ya mawe, vijiwe kama punje za mtama vikigonga mkaa, tss, tss, tss.

"Ndugu yangu," rafiki yangu akasema, akiwa amelifunika jiko kwa koti lake mwenyewe, "hii mvua iko inatufwata sisi tu!"

Tulikuwa tumefunga turubai kati ya miti miwili. Chini yake akaingia mzee mmoja Mnorwei, jirani yangu. Nasema jirani: miaka minne tumepanda ngazi zilezile na hajawahi kunipa zaidi ya kutikisa kichwa. Akautazama mshikaki, akanitazama mimi, akasema, "Ndiyo kiangazi chetu hiki." Basi, mlango ukafunguka. Alizungumza nusu saa nzima: mashua ya babake, wingu gani likikaa juu ya mlima halifai kuliamini, mwaka gani theluji iliangukia viazi vyake Juni. Alikula vijiti vitatu. Jua lilipotoka, makoti yakafuka mvuke, naye akanyamaza, akaaga, akaenda zake. Tangu hapo ngazini ananisalimu kwa habari za upepo.

Nitajieni kiangazi kinyoofu kilichowahi kufanya kazi hiyo.

Ya pili ni elimu. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Norwei ilikosa taarifa za hali ya hewa kutoka nje, na wavuvi na wakulima wakabaki gizani. Vilhelm Bjerknes na mwanawe Jacob, wakiwa Bergen, wakawapanga watu pwani nzima watazame anga na kupiga simu. Hapo ikazaliwa nadharia kwamba hewa baridi na hewa ya joto hukutana kama majeshi mawili, na mpaka wao wakauita jina la mstari wa vita. Watabiri wa dunia nzima wanalitumia jina hilo mpaka leo. Kwetu kaskazi na kusi ni pepo waungwana. Karne nyingi majahazi yalikuja na moja yakarudi na nyingine. Lakini upepo unaokuja kwa miadi hauhitaji profesa. Na nani aliwahi kuushukuru? Tromsø jua likichungulia Jumanne saa nne asubuhi, mkutano unavunjika, na mkubwa wa ofisi ndiye wa kwanza kukaa ukutani, macho kafumba.

Mavazi nayataja kwa kifupi. Wenyeji wana msemo kwamba hali mbaya ya hewa haipo, zipo nguo mbaya tu. Aliyeutunga hakuwa na watoto watatu wa kuwavalisha. Hata hivyo, msichana wa benki na fundi bomba wote huvaa koti lilelile la mvua, na hakuna anayeringa. Mwavuli hapa hufanya kazi mara moja tu.

Mbu sitawasifu. Kila utetezi una mpaka wake.

Jumamosi tunachoma tena, palepale chini ya turubai. Mkaa tunao, nyama imeshalowekwa tangawizi na ndimu, na mzee wa ngazini kasema atakuja. Njooni na kaptura, njooni na glavu.