Hongera, Umegundua Diamond

Tuishukuru programu ya muziki ya simuni. Bila yake, sisi wa Babati tungejuaje kuna msanii anaitwa Diamond Platnumz? Bajaji zote za stendi zilikuwa zinatuficha. Tangu Vasco da Gama atie nanga Malindi mwaka 1498, Afrika Mashariki haijapata mgunduzi hodari hivi. Nilipogusa wimbo wa marehemu Marijani Rajab, programu ikanielewa papo hapo: ikaniletea nyimbo za Krismasi. Ilikuwa Juni. Kijana wa kibandani anayejaza nyimbo kwenye flashi bado ana ushamba wa kuuliza, “Shikamoo mzee, unapenda nini?” Bando likiisha, programu hunyamaza kwa adabu; hiyo flashi haijui adabu, inaimba hadi Mlima Kwaraa.