Harusi Haitafanyika

Kwa kila dalili, Friedhelm Hillebrand hakuwahi kuwa mwenyekiti wa kamati ya harusi. Mwaka 1985 Mjerumani huyu alikaa na taipureta mjini Bonn, akaandika sentensi za mambo yoyote yaliyomjia kichwani, kisha akahesabu herufi, alama na nafasi. Karibu zote ziliishia chini ya 160. Akapekua na postikadi, akaona nazo watu hawaandiki mengi, akatosheka. Zikawa ndizo 160 za meseji ya simu, dunia nzima.

Ndani ya 160, mjomba wangu hajamaliza kuulizia hali ya mifugo.

Twitter ilipoanza mwaka 2006 ilitegemea meseji hizohizo, kwa hiyo ikajiwekea kikomo cha herufi 140 na kuacha 20 za jina la mtumaji. Vijana wetu hawakushtuka. Walishazoea kubana maneno kwa sababu kila meseji ilikatwa hela yake: mtu alikuwa “m2”, tupo ikawa “2po”, sijui ikawa “cjui”. Sasa nayo ikawa “xaxa”, ambayo haiokoi hata herufi moja, lakini aliyehoji alionekana mshamba.

Mjomba ni mwalimu mstaafu wa Kiswahili. Kwake yeye, kuandika “2po” ni sawa na kutoka nje bila suruali. Akausubiri mtandao upate adabu. Novemba 2017 kikomo kikapandishwa hadi 280, na Desemba kikaja kitufe cha kuunganisha posti moja na nyingine, ule uzi tunaoujua. Mjomba akaingia.

Uzi wake wa kwanza ulihusu mpaka wa kiwanja chake, na aliuandika “1/14” mwanzoni ili wasomaji wajitayarishe. Alipofika ya tatu, kijana mmoja akatokea chini yake: “Shikamoo mwalimu.” Shikamoo haipitwi. Mjomba akaitikia marahaba, akaulizia na wazazi, kisha akaendelea na kiwanja palepale, chini ya ile marahaba. Kijana mwenyewe alikuwa muuza viatu vya mtumba. Waliokuwa wakifuatilia mgogoro waliona posti tatu na kimya. Wateja wa viatu, kwa upande wao, walipata kisa kizima cha jirani aliyehamisha bikoni usiku, na mmoja akauliza bikoni zipo namba ngapi, na kama mzigo unafika Mbagala.

Ajabu ni kwamba sisi ni wasomaji wa vipande tangu zamani. Tumelelewa na magazeti yaliyokata hadithi pale mkono unapogusa kitasa cha mlango, chini yake “itaendelea”, na tukasubiri wiki nzima bila kumtukana mwandishi. Lakini kipande cha gazeti kilikaa gazetini. Kipande cha uzi kina miguu yake: mtu hukiokota, akakitia kwenye kundi la WhatsApp, na ndugu zake kumi na tatu waliobaki nyuma hawana habari kwamba mkubwa wao kasafiri.

Ndivyo tulivyofikia harusi ya binamu yangu.

Ukumbi ulikuwa umetuingiza kwenye siku moja na watu wengine, ikabidi sherehe isogezwe kutoka Jumamosi hadi Jumapili. Jambo la maneno sita. Mwenyekiti wa kamati alikuwa mjomba, naye akaona heshima ni kutangaza hadharani. Nanukuu posti ya kwanza kama ilivyo:

“Assalaam alaykum, Bwana Yesu asifiwe, Tumsifu Yesu Kristo, shikamooni wakubwa, wadogo hamjambo. Kwa niaba ya familia nzima, wajomba, shangazi, mababu na mabibi wa pande zote mbili, napenda kuwataarifu ndugu, jamaa na marafiki kwamba harusi ya kijana wetu mpendwa haitafanyika”

Hapo ni herufi 275. Neno lililofuata, “Jumamosi”, liligeuka jekundu kwa kuvuka kikomo, naye kwa utiifu akalikata na kulipeleka posti ya pili pamoja na yaliyobaki: kama ilivyotangazwa awali, bali Jumapili, ukumbi uleule, karibuni nyote. Kwa kipimo cha Hillebrand angeishia kwenye “mababu na mabibi”, na nchi ingekuwa salama.

Posti ya pili ilipendwa na mtu mmoja, naye ni mjomba. Ya kwanza ilipigwa skrinishoti kabla chai yake haijapoa. Bibi harusi aliipata habari kwa shoga yake aliyempigia kumwambia pole, Mungu ana makusudi yake. Shangazi wa upande wao alipanda basi kutoka Morogoro kuja kujua mtoto wao ana kasoro gani. MC akakubali kazi nyingine siku hiyohiyo. Na michango! Watu ambao ahadi zao tulizifuatilia kwa miezi, wanaozima simu wakiona namba ya mweka hazina, sasa walimpigia wenyewe, alfajiri, wakidai warudishiwe. Mmoja alitaka na ya kutolea.

Mjomba alipoelezwa, alitaka kusahihisha. Wakati huo Twitter haikuwa na kitufe cha kuhariri. Ulichoandika ndicho, au ufute. Akaifuta ya kwanza. Ya pili ikabaki peke yake bila kichwa, ikianza na “Jumamosi kama ilivyotangazwa awali”, na kwa kuwa watu wetu ni hodari wa kusoma maneno matatu ya kwanza, nusu ya ukoo ikashika kwamba ni Jumamosi. Nusu nyingine, yenye skrinishoti, ilipoona posti haipo tena ikasema: wameshafuta, basi ni kweli.

Kamati ikaamua kuanzia hapo taarifa zitolewe kwa sauti. Mjomba alirekodi siku hiyohiyo. Dakika ya nne alikuwa bado kwa mababu.

Harusi ilifanyika Jumapili. Waliorudishiwa michango walikuja wote, wengine na watoto, na pilau iliisha kabla ya kufika meza ya wapiga picha. Kama wewe ni mmoja wao na unasoma hapa, namba ya mweka hazina ni ileile. Weka na ya kutolea.