Springi za Mama Mkwe

Ushauri mwingi kuhusu kushusha gari la spoti hutolewa na watu wanaoendesha peke yao. Huko Japani mtu hutoka kazini, akajifungia garini na mkoba wake, akaenda zake milimani kukata kona. Ukimwuliza gari lishuke kiasi gani, atakutajia milimita. Mtu wa Kakamega ukimwuliza swali hilohilo, lazima kwanza akuulize ni siku gani ya juma. Jumatano gari ni langu. Jumamosi ni la ukoo, na ukoo una uzito.

Gari lenyewe ni Subaru Impreza WRX, lile la macho ya duara lililotoka mwaka wa 2000. Aliyeniuzia ni kijana wa Nairobi ambaye alikuwa ameshalilaza chini hata kidole hakipenyi kati ya tairi na bodi. Likiwa limeegeshwa, lilipendeza mno. Watoto wa shule waliinama kulichungulia, na watu wazima wakauliza kama ni la mashindano. Shida ilikuwa ni lazima, mapema au baadaye, liondoke pale lilipoegeshwa.

Barabara kuu ya A1, inayotoka Kisumu ikapita Kakamega kuelekea Webuye na Kitale, si mbaya. Lami ipo. Kisa ni matuta. Yapo matuta ya serikali, yaliyopakwa rangi na kuwekewa kibao, na yapo matuta ya wananchi, yanayozuka usiku mmoja baada ya lori kugonga mtu au ng'ombe wa mtu. Ya serikali yana kipimo. Ya wananchi yana kimo cha hasira iliyokuwepo siku hiyo.

Tuta la aina hii ya pili gari lililoshushwa hulivuka mshazari, gurudumu moja baada ya jingine, na ukifanya hivyo karibu na soko huachwi peke yako. Hutokea mtu, mara nyingi mchoma mahindi, akaacha jiko lake aje kukuongoza. "Kuja! Kuja! Kata kwangu! Kuja, kuja... hapo sasa imegusa." Ukishasikia chuma kinalia ndipo anaposimamisha mkono. Vijana wa bodaboda husema "pole" kwa pamoja, kwa sauti ya watu ambao asubuhi yao imechangamka.

Upande wa Mumias kuna balaa jingine. Trela za miwa hudondosha miwa njiani, na magari ya watu wengine huipita juujuu bila habari. Langu liliuzoa muwa mmoja kwa bampa, likauingiza chini ya tumbo, ncha yake ikawa inachora mstari kwenye lami hadi nikasimama. Watoto waliokuwa wakichunga mbuzi wakaja mbio, wakalala chini, wakauchomoa kwa ustadi, wakaugawana palepale. Kisha wakaniuliza nitapita tena lini.

Hayo yote yalivumilika. Yasiyovumilika yalitokea Jumamosi ambayo nilitakiwa kumchukua mama mkwe kutoka Malava hadi harusini Chavakali, pamoja na shangazi wawili wa mke wangu, mkungu wa ndizi, na kuku ambao idadi yao sikuelezwa.

Asiyejua mila zetu aelewe hivi: mtu na mama mkwe wake huheshimiana kiasi kwamba hawashikani mikono, hawaketi karibu karibu, na hawasemezani kiholela. Basi mama aliketi nyuma, juu kabisa ya shoki ya kushoto, na mke wangu mbele akawa mkalimani wa lugha ambayo sote watano tuliijua.

"Mwambie baba watoto kwamba mbele kuna tuta."

"Mama anasema kuna tuta."

"Mwambie nimeliona."

"Mama, anasema ameliona."

Gari likapiga chini kwa kishindo, mkungu ukaruka kwenye buti, kuku wakatoa maoni yao. Kimya kikapita.

"Mwambie hata mimi nimeliona," akasema mama.

Tukapita chuo kikuu cha Masinde Muliro, tukapita mjini, tukashuka Ilesi palipo na lile jiwe maarufu linalosemekana kulia, likitiririka maji mwaka mzima, na kwa mara ya kwanza maishani nikahisi najua linalilia nini. Karibu na Khayega tukakutana na fahali.

Jumamosi asubuhi ndio wakati wa kupiganisha mafahali katika nchi ya Waisukha na Waidakho. Fahali hasafirishwi kimyakimya. Hutolewa nyumbani na umati wenye matawi mikononi, wakikimbia kando yake na kupiga isukuti. Isukuti ndiyo ngoma ambayo mwaka wa 2014 UNESCO iliiweka katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Asubuhi ile mwenye kuhitaji kulindwa haraka nilikuwa mimi. Ukiketi katika gari lililolazwa kiasi kile, macho yako yako sambamba na magoti ya fahali. Sikumwona uso. Niliona kifua, kikapita, yakafuata mengine ambayo mbele ya mama mkwe hayatajwi, na gari zima likageukia dirisha la upande wa pili kwa heshima. Shabiki mmoja akapiga paa kwa tawi lake na kunisihi: "Mzee, toa hii kitu, atadhani ni ndama!"

Harusini nilipokewa vizuri. Mama mkwe alishuka akiwa ameshika kiuno, akasalimia kila mtu, na hakusema neno kunihusu. Wenyeji wa ninakotoka wanajua kwamba hiyo ndiyo lawama kubwa kuliko zote.

Linalonichekesha ni kwamba Subaru zilizotufundisha kupenda Subaru hazikushushwa hata kidogo. Mwaka wa 1993 dereva wetu Patrick Njiru alimaliza mbio za Safari Rally kwa Subaru Vivio, kigari chenye injini isiyofika cc 700. Mwaka wa 1997 Colin McRae akaishinda Safari kwa Impreza, na Impreza hiyo ilikuwa imeinuliwa juu, ina vyuma vya kujikinga na wanyama mbele, na shoki zenye nafasi ndefu ya kujikunja. Waingereza na Wajapani walitumia pesa nyingi kuifanya ifae barabara zetu. Kisha sisi mashabiki, tuliokula vumbi lao kandokando ya njia, tukanunua gari lilelile na kulishusha.

Hata hivyo sikutaka kuliinua. Gari la chini halilali sana upande kwenye kona, kwa sababu uzito wake uko karibu na barabara, na anayejua mteremko wa kutoka Kiboswa kwenda Kisumu, ziwa likiwa mbele yako, anajua ninachokisema. Na kwa kweli Impreza iliyoinuka sana huonekana imevaa suruali fupi. Nilitaka kitu cha katikati: libaki chini, lakini aliyeketi nyuma aweze kumaliza sentensi.

Fundi wangu wa jua kali alilisikiliza ombi hilo kwa huruma. "Bosi, kila anayekuja hapa anataka kuinua. Probox, inua. Demio, inua. Hata pikapu, inua. Mimi nina spesa za kila aina. Wewe unataka kubaki chini na bado ulale usingizi?" Akaingia chini ya gari, akatoka akitabasamu. Kijana wa Nairobi alikuwa amekata springi kwa grenda.

Kukata springi kunashawishi kwa sababu hakugharimu kitu. Lakini springi iliyokatwa hailegei, inakuwa ngumu zaidi, maana waya uleule ukifupishwa hupindika kwa shida. Springi ya koili 6 ikiondolewa moja na nusu, ugumu wake unaongezeka kwa theluthi. Shoki ya zamani haikutengenezwa kutuliza ugumu huo, basi gari linarukaruka baada ya kila shimo, shoki nayo inakufa mapema. Wengine huchoma springi kwa moto wa gesi ili ijikalie chini yenyewe. Hapo hata chuma chenyewe kimeharibiwa, na siku moja itaendelea kujikalia bila ruhusa yako.

Kubwa kuliko yote ni nafasi. Gari la kawaida la namna hii lina sentimita 8 au 9 hivi za kupanda kwa gurudumu la nyuma kabla ya kugonga raba ya juu. Ukilishusha sentimita 5, umekula zaidi ya nusu kabla hujabeba mtu. Watu watatu nyuma na mizigo, tuseme kilo 250, wanakula 4 nyingine. Hesabu imekwisha. Kuanzia hapo hakuna springi tena. Mama mkwe ameketi juu ya raba, na raba imeketi juu ya barabara. Nilimweleza mke wangu hesabu hii usiku, na akaniuliza kama ninataka aitafsiri.

Fundi akaniwekea njia mezani, yaani juu ya tairi kuukuu. Kulikuwa na koilova, shoki inayokuja na springi yake, yenye nyuzi za kupandisha na kushusha na kitufe cha kuchagua ugumu. Ndiyo ndoto ya kila kijana. Nilitaja bei yake mbele ya khotsa wangu, kaka yake mama, aliyekuja kututembelea. Akatafuna chakula chake taratibu.

"Hiyo ni bei ya ng'ombe wa maziwa," akasema.

"Lakini khotsa, unaweza kuirekebisha."

"Hata ng'ombe hurekebishwa. Hii springi inakamuliwa?"

Sikupata jibu, ingawa si maziwa yaliyonizuia. Kakamega hunyesha mvua inayokaribia milimita 2,000 kwa mwaka, karibu kila alasiri kwenye msimu wake, na tope letu jekundu huingia katika zile nyuzi, likakauka na kuganda. Baada ya muda, koilova ya bei ya ng'ombe inakuwa shoki ya kawaida isiyorekebishika. Kwa mtu aliye tayari kuisafisha na kuipaka grisi mara kwa mara, ni kitu kizuri sana. Mimi najijua.

Nilichochagua hakina sifa za kusimulia barazani: springi zilizotengenezwa kiwandani kushusha sentimita 2 na nusu tu, ambazo huanza laini na kuwa ngumu kadiri zinavyobanwa. Jumatano nikiwa peke yangu ni laini, Jumamosi zinakaza. Pamoja nazo shoki mpya zinazolingana nazo, bushi mpya, na raba za juu mpya badala ya zile ambazo kijana wa Nairobi alikuwa amezikata ili gari lishuke zaidi. Kisha alainimenti, kwa sababu gari likishuka tairi hulalia upande wa ndani na kulika huko ambako huoni, hadi siku waya unapochungulia.

Lakini dawa hasa, ambayo watu wa koilova hawaitaji, ilikuwa tairi. Gari lilikuja na rimu za inchi 18 na tairi nyembamba za 215/40, ukuta wa mpira ukiwa milimita 86. Nikashuka hadi inchi 16 na tairi za 205/55. Kwa nje kimo cha gurudumu ni karibu kilekile, gari halikupanda wala kushuka, ila sasa kati ya chuma na shimo kuna milimita 113 za mpira na hewa. Vijana wa kuoshea magari walisikitika waziwazi. Mmoja aliniuliza kwa upole kama mambo ni magumu.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda Malava nikiwa na hofu. Tulivuka tuta la kwanza, la pili, na lile la soko lisilo na kibao. Hakuna kilichogusa. Mchoma mahindi aliyekwisha kuinua mkono akaushusha, akarudi kwenye jiko lake.

"Mama anasema leo nyuma kumepoa," akasema mke wangu.

"Mwambie ahsante."

Wakanong'ona Kiluhya huko nyuma kwa muda mrefu.

"Anasema kumbe nafasi ipo."

Safari iliyofuata nilikuta shangazi wa tatu amesimama barabarani na kibeti chake. Buti likaingizwa gunia la mahindi la kilo 90, kifuniko kikafungwa kwa kamba, ndizi zikapakatwa, na kuku wakapewa nafasi miguuni mwa mama. Niliposhuka kuangalia, nyuma ya gari ilikuwa imeinama hadi pale kijana wa Nairobi alipoifikisha kwa grenda, tairi zimefunikwa, kidole hakipenyi. Sijawahi kuliona likiwa zuri vile. Nikalipiga picha, shangazi watatu wakiwa wamekaa wima kwa ajili ya kamera.

Mjini tulipita mbele ya fundi. Akatoka mbio, spana mkononi, akiwa na uso wa mtu aliyesalitiwa.

"Bosi! Umekata tena?"

"Ni mahindi, fundi!"

Akainama, akatazama chini ya bampa ya nyuma, akasalimia akina mama mmoja mmoja.

"Sawa," akasema. "Ukifika nyumbani pakua tu. Itapanda yenyewe."