Shemeji Anaonja

Mtu akishakaa Cape Town miaka michache, akirudi Kamina hawezi tena kunywa. Anaonja. Kaka wa mke wangu ameshuka kwenye treni na ugonjwa huo, na kwa kuwa ni kaka wa mke, yaani mtu ambaye mahari yake hailipwi ikaisha, dawa ya ugonjwa nanunua mimi.

Huko, anasema, Jumamosi haipiti bila kuzunguka kwenye mashamba ya mizabibu. Stellenbosch wamejiwekea njia yao ya mvinyo tangu 1971: unatoka kwa mwenye shamba huyu unaingia kwa yule, unamiminiwa kidogo tu chini ya bilauri, unazungusha, unanusa, unatia mdomoni, halafu (hapo nilimwomba arudie) unatema ndani ya ndoo. Na umeshalipa! Wazungu wa kule walikamua zabibu zao za kwanza mwaka 1659. Miaka yote hiyo hakupatikana hata mmoja wa kuwaambia kwamba kinywaji humezwa?

"Shemeji," akaniambia Ijumaa usiku, "hata sisi tuna watengenezaji wetu. Kesho tuwatembelee."

Nilimtazama mke wangu anitetee. Alikuwa anamtafutia kaka yake kofia ya jua.

Tukapakiwa wote wawili nyuma ya manseba mmoja, maana pikipiki ya pili ilikuwa ni falanga zangu pia, tukaanzia Sobongo kwa mama wa munkoyo. Mama yule anapika uji wa mahindi jioni, anauacha upoe kidogo, anatia mizizi iliyopondwa, na mizizi ile inaulegeza uji mzito mpaka unakuwa maji matamu. Asubuhi ni munkoyo. Mtoto anakunywa, mgonjwa anakunywa. Ukiuacha siku nyingine unaanza kukujibu.

"Huu ni wa mwaka gani?" shemeji akauliza, daftari mkononi.

Mama aliniangalia mimi, kama vile mfasiri. "Ni wa jana," akasema. "Wa juzi walimaliza watu wa reli."

Shemeji akaandika: wa jana, bado kijana. Kisha akaomba apewe kidogo tu, cha kuonja. Hapo ndipo taabu ilipoanza. Mama anajua kipimo kimoja, kopo, na kopo likishachotwa limeuzwa. Tena kwetu anayeonja ni mwenye kinywaji: anakunywa yeye kwanza mbele yako, uone haanguki, ndipo anakupa. Mama akafanya hivyo. Shemeji akapokea, akazungusha kopo la plastiki, akapiga kelele fulani kwa mashavu, akatema. Pale pale uwanjani, karibu na kuku.

Ukitema munkoyo mbele ya aliyeutengeneza umesema una sumu. Majirani walishaanza kutoka. "Papa, uko na nini munkoyo wangu?" mama akauliza, na hakumuuliza mtemaji, aliniuliza mimi. Nilifanya nini? Nilimaliza kopo la shemeji, nikanunua lingine, nikalimaliza pia, nikajipangusa mdomo na kusifu kwa sauti ya kufika mpaka nyumba ya nne. Kuanzia hapo kazi zikagawanyika: yeye anatema, mimi nasafisha majina ya watu kwa tumbo langu.

Kwa watu wa lutuku, pombe yetu kali, hatukukaa. Mwaka 1890 wakubwa wa Ulaya walipokutana Brussels walikataza pombe kali isiingizwe katika sehemu kubwa ya Afrika. Lutuku haikuwahi kuingizwa popote. Inatoka hapa hapa, pipa juu ya moto, bomba linapita kwenye maji baridi, chupa inangoja chini. Lakini waipikao wanaogopa madaftari. Walipomwona mgeni mwenye kofia anaandika, mmoja akapitia nyuma ya choo, na aliyebaki akadai anachemsha maji ya kuoga. Ilibidi niape kwa jina la mama yangu. Mwishowe wakampa kifuniko cha chupa. Lutuku ndiyo ambayo mtu mwenye akili angeitema bila kufundishwa na Stellenbosch, kwa sababu hujui imetoka mwanzo wa bomba au mwisho wake. Ile akaimeza! Machozi yakamtoka, akaandika: ina moshi.

Tulimalizia nje ya mji, upande wa kwenda Kabongo, kwa mzee wa malafu. Shemeji akataka aonyeshwe chumba cha chini ya ardhi cha kuhifadhia kinywaji. Mzee akaelekeza kidole juu, kwenye mchikichi. Malafu hayahifadhiwi: alfajiri ni matamu, mchana yana meno, kesho yake ni siki. Shemeji akainua kopo kwenye jua, akatazama, akapiga mashavu, akatema tena mbele ya watu waliokuwa wamekaa kwa heshima zao.

"Huyu anakunywa kama Nkongolo," mzee akasema.

Kila Muluba hapo alicheka, maana Nkongolo Mwamba ndiye mfalme aliyekula na kunywa hadharani, na Mbidi Kiluwe, mwindaji mgeni aliyemwoa dada yake, alijificha nyuma ya pazia kila alipotaka kutia kitu mdomoni. Mtoto wa Mbidi, Kalala Ilunga, ndiye aliyeuchukua ufalme, na wafalme wa Baluba wakanywa faraghani.

Shemeji hakuudhika hata kidogo. Alilipenda lile la pazia. Tangu Jumapili anakunywa kifalme: amehamia chumbani kwangu, ametundika kitenge kipya cha dada yake mlangoni, na hakuna ruhusa ya kumtazama. Bia ya Simba baridi inapita chini ya kitenge ikiwa imejaa, chupa inarudi tupu. Kule nyuma hatemi, nimesikiliza. Anayepeleka ni mimi.

Nimejaribu kumweleza mke wangu kwamba hesabu za ukoo zimegeuzwa. Nkongolo ndiye kaka wa mke. Mbidi ni mimi, na pazia ni haki yangu. Akanijibu kwamba Mbidi alipochoshwa na shemeji yake hakulalamika, alifunga mizigo akarudi kwao mashariki, na kama mimi ni Mbidi njia naijua. Kwetu ni hapa hapa. Nyumba nilijenga mimi, na treni ya kumrudisha Lubumbashi hakuna anayejua itafika lini.