Namna ya Kulinda Msongo Wako wa Mawazo Usipotelee Barabarani

Msongo wa mawazo ni mali. Umeuchuma kwa miaka: kodi ya nyumba, ada za watoto, bosi anayetuma ujumbe saa nne usiku, kikundi cha familia chenye michango mitatu kwa mpigo. Haiwezekani uuache upeperuke asubuhi moja kwa sababu tu umevaa raba ukatoka. Na hupeperuka kweli, wala hauchukui muda. Nusu saa ya kutembea kwa kukaza mwendo hupunguza wasiwasi siku hiyohiyo, na nafuu hiyo huweza kukaa saa kadhaa. Ndiyo maana mwongozo huu umeandikwa.

Kwanza, mjue adui. Mwaka 1999 James Blumenthal na wenzake wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walitoa matokeo ya utafiti wa watu 156 wenye sonona, wote wa miaka 50 na kuendelea. Kundi moja lilipewa dawa, la pili mazoezi, la tatu vyote viwili. Mazoezi yenyewe hayakuwa ya makomandoo: kutembea au kukimbia polepole nusu saa, mara tatu kwa wiki. Waliomeza dawa walianza kupata nafuu mapema, lakini kufikia wiki ya 16 makundi yote matatu yalikuwa karibu sawa. Miezi sita baadaye, waliopona kwa mazoezi ndio waliorudiwa na ugonjwa kwa uchache zaidi. Taarifa kama hizi zisiingie nyumbani kwako.

Ila ukiwa na jirani aliyelemewa na sonona kiasi kwamba hata kuoga kunamshinda, hapo geuka kocha. Mwambie, "Wewe kimbia tu, utapona, hospitali ya nini?" Utakuwa umemkosesha daktari na mbio kwa pamoja, maana mtu aliyeshindwa kutoka kitandani hafiki barabarani kwa kukaripiwa.

Sasa tuingie kazini. Uamuzi wa kufanya mazoezi uufanyie chini ya shuka, usiufanyie mahali pengine. Saa kumi na moja na nusu, muadhini ameshamaliza, feni inazunguka, raba ziko uvunguni na soksi moja imejikunja ndani ya kiatu cha kushoto. Ya kulia haijulikani ilipo. Hapo jiulize: "Hivi kweli nitafurahia?" Akili itajibu hapana, na itakuwa inakudanganya kwa faida yako. Mtafiti Matthew Ruby na wenzake walionyesha mwaka 2011 kwamba watu hukadiria raha ya mazoezi chini ya ile wanayokuja kuipata, kwa sababu mawazo yao huganda kwenye zile dakika za mwanzo, ambazo ndizo chungu. Kwa hiyo usifikirie dakika ya ishirini. Fikiria ya kwanza, na ile soksi.

Ikitokea umeshatoka, bado hujapotea. Anza kwa fujo. Nenda Daraja la Tanzanite, Dar es Salaam, lenye urefu wa kilomita 1.03, tafuta vijana wa klabu za jogingi wanaopita wakiimba, kisha wafukuze. Mwendo ukishakuzidi pumzi, raha hugeuka adhabu karibu kwa kila mtu. Mtafiti Panteleimon Ekkekakis amelichunguza jambo hilo kwa miaka mingi. Ukifika katikati ya daraja unatweta, umeshika kiuno, unaona nyota mchana, akili itaandika: huku tusirudi. Umeshinda.

Wa kuwaogopa ni akina mama. Utawaona alfajiri wawili wawili, kanga kiunoni, raba miguuni, wanakata mtaa huku wakichambua harusi ya jana: nani alichelewa kuleta mchango, pilau iliishia meza ya ngapi. Wanaweza kuongea lakini hawawezi kuimba, na hicho ndicho kipimo cha mwendo wa wastani ambacho wataalamu hukitumia. Wanapata mwendo, maongezi na jua la asubuhi kwa safari moja, hawalipi kiingilio, na kesho watarudi, kwa sababu stori haijaisha. Usiwasogelee. Wakikuamkia, itikia ukiwa unapita.

Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima wapate dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki. Hizo 150 zisome kwa mkupuo, zitishe. Mtu akizigawa kwa siku saba anabakiwa na dakika 22 hivi, yaani kushuka daladala vituo viwili kabla ya kufika. Hesabu hiyo mwachie konda.

(Nawatoa hapa wanaobeba ndoo za samaki katika soko la Feri tangu alfajiri. Hao wasihubiriwe. Tena tafiti nyingi zinaonyesha kuwa mwendo wa hiari ndio unaohusiana zaidi na utulivu wa akili, kuliko ule wa kulazimishwa na riziki. Wanachohitaji wao ni kupumzika.)

Akitokea mjuaji akakueleza habari za endofini, ile kemikali ya mwili inayosifiwa kwa raha ya mbio, mwulize kama amesikia utafiti wa panya uliofanywa Ujerumani mwaka 2015. Watafiti waligundua kuwa utulivu unaowapata panya baada ya kukimbia unategemea zaidi kemikali nyingine ambazo mwili hujitengenezea, zinazofanya kazi kupitia milango ileile ya ubongo inayotumiwa na bangi. Hapo simama wima useme wewe ni mtu wa dini.

Serikali ya Tanzania nayo haikukuacha salama. Desemba 2016 Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, alielekeza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe ya mazoezi. Usigome, utaonekana. Vaa traksuti, piga picha ukiwa umeinua mguu, kisha elekea kwenye supu ya mbuzi na chapati mbili. Jumamosi zilizobaki hakuna aliyezitaja.

Silaha kubwa kuliko zote ni hii: mzani. Mtu akianza mazoezi, mwulize kila siku kapungua kilo ngapi. Kitambi hakina haraka. Ukiona vyaelea, vimeundwa, na hicho kimeundwa kwa miaka. Wiki tatu zitapita bila mkanda kusogea tundu hata moja, naye atasema mazoezi hayafanyi kazi, ataacha. Wakati huohuo usingizi wake umekuwa mzito, hawafokei watoto akitoka kazini, na ile hofu ya Jumapili jioni imepungua makali. Lakini hayo nani anayapima? Hakuna mzani wa usingizi sebuleni. Faida ya akili huwahi, ya kiuno huchelewa, na watu wengi huacha wakiwa wanasubiri iliyochelewa. Wewe hakikisha anaendelea kutazama kiuno. Akianza kujiuliza jana alilala vipi, badilisha mada haraka, mwulize habari za Simba na Yanga.

Jihadhari pia na miadi. Aliyepanga kukimbia peke yake huahirisha bila kumwudhi mtu. Aliyeahidiana na mwenzake hutoka hata kukiwa na manyunyu, kwa aibu tu. Basi jirani akigonga dirisha saa kumi na mbili kasorobo, "Baba Asha, twende," nyamaza, hata kukohoa usikohoe. Ukishaitika "nakuja", mwongozo huu haukufai tena. Mpe mwingine mwenye msongo wa kulinda.